Mtoto alipimwa, mama alisahauliwa: historia ya huduma kwa mama aliyezaa mara ya kwanza

Mama anapotoka maternite na mtoto wake wa kwanza, watu wote hukimbilia mtoto. Ana kilo ngapi? Anafanana na nani? Ananyonya vizuri? Mama mwenyewe huulizwa mwisho, na mara nyingine haulizwi kabisa. Wengi wetu tunafikiri hiyo ni tabia ya watu tu. Lakini ukifuata historia ya huduma ya uzazi katika nchi yetu, utaona kwamba tabia hiyo ilijengwa kidogo kidogo, na watu waliokuwa na sababu zao, na hadi leo inagharimu maisha ya akina mama.

Kwa familia zilizokimbia vita jambo hili ni zito zaidi. Msichana anayezalia kambini, ao katika darasa la shule, ao katika nyumba ya watu waliompokea, mara nyingi hana mama yake karibu. Hajui damu ipi ni ya kawaida na ipi ni ya hatari. Hajui kama homa ya siku ya tano ni ya maziwa ao ni ya kidonda. Anaona aibu kuuliza. Makala hii inafuata safari ya huduma hiyo tangu desturi za wazee hadi kituo cha afya cha leo, ili tuone nani alikuwa karibu na mama kila wakati, nani aliondolewa, na nani anapaswa kurudi.

Wakati wa wazee: mama alikuwa na watu

Tuanze na mfano unaojulikana sana, ulioko magharibi mwa nchi, mbali na Kivu. Karibu na Ziwa Mai-Ndombe wanaishi Waekonda, moja ya makundi ya Wamongo. Kwao, mwanamke aliyezaa mtoto wake wa kwanza anaitwa walé. Anarudi kwa wazazi wake. Huko halimi, hapiki, wala hachoti maji. Anapakwa ngola, yaani unga mwekundu wa mti uliochanganywa na mafuta. Anakula vizuri, ananyonyesha, na halali na mume wake. Hali hiyo inaweza kuendelea mwaka mmoja, miwili ao zaidi. Akimaliza, anatoka mbele ya watu kwa nyimbo na michezo aliyoitayarisha mwenyewe, na kijiji kizima kinakuja kumtazama.

Tuangalie vizuri jambo moja: heshima hiyo ni ya mtoto wa kwanza tu. Wazee walijua kwamba mwanamke anayezaa mara ya kwanza anapita mlango ambao hajawahi kuupita. Mwili wake haujazoea, na mikono yake haijashika mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo walimpa muda na watu.

Huku mashariki, katika Maniema, biashara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki ilileta Kiswahili na Uislamu hadi Nyangwe na Kasongo. Katika familia za Kiislamu, siku arobaini baada ya kuzaa ni siku za mama kupumzika na kuhudumiwa. Na hata pasipo dini hiyo, katika vijiji vyetu vingi mama mzazi alikaa na mama yake, ao mama mkwe, ao bibi, yule tunayemwita koko. Huyo ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akampikia uji, akamletea sombe na samaki ili apate maziwa, akamuonyesha namna ya kumshika mtoto kwenye titi. Hakumpa somo la saa moja. Alikaa naye.

Hata hivyo tusipambe zamani kuliko ilivyokuwa. Koko hakuwa na dawa ya kusimamisha damu nyingi. Maji ya moto kupita kiasi yaliunguza ngozi. Majani yaliyowekwa ndani ya njia ya uzazi yangeweza kuleta maambukizi. Mtoto alipokwama, mama alikufa ao alibaki na fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo ao kinyesi bila yeye kujizuia, na ugonjwa huo hupiga hasa wanawake wadogo wanaozaa mara ya kwanza. Desturi zilimpa mama ulinzi wa watu. Hazikuweza kumpa kila kitu.

Hospitali nazo zilipaswa kujifunza. Mwaka 1847, katika jiji la Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliohudumiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari walikufa kwa homa ya uzazi kuliko wale waliohudumiwa na wakunga. Sababu ilikuwa mikono: madaktari walitoka kugusa maiti, kisha wakagusa akina mama. Alipowaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini, vifo vilishuka sana. Wenzake wengi walimkataa. Kwa hiyo tunapoambiwa leo tunawe mikono kabla ya kugusa mama mzazi, tukumbuke kwamba hata waganga wakubwa wa Ulaya walifundishwa somo hilo kwa shida.

Wakati wa ukoloni: mzani wafika

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wabeljiji waliingiwa na hofu. Kazi ya kulazimishwa ya mpira, njaa na ugonjwa wa malale vilikuwa vimeua watu wengi sana, na wakoloni waliona kwamba watoto wanaozaliwa hawatoshi. Nani atafanya kazi kesho? Mwaka 1912 lilianzishwa shirika la Kibeljiji la kulinda watoto weusi wa Kongo. Lilisaidia kufungua mahali pa kupima watoto wachanga na kugawa maziwa, kwa mfano wa vituo vilivyoitwa Goutte de lait, yaani Tone la Maziwa, ambavyo daktari Léon Dufour alikuwa ameanzisha Ufaransa mwaka 1894.

Katika Katanga, kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kuwataka wafanyakazi wakae na wake na watoto wao katika kambi za kampuni. Faida yake kwa kampuni ilikuwa wazi: mfanyakazi mwenye familia hakimbii, na mtoto wa leo ni mfanyakazi wa kesho. Wake za wafanyakazi walihimizwa kuzalia maternite ya kampuni na kuleta watoto kupimwa. Mtoto aliwekwa kwenye mzani, uzito ukaandikwa, mama akapewa mashauri na masista na wauguzi wa kike.

Zaidi ya hayo, baadhi ya waganga, wamisionari na viongozi wa kampuni hawakupenda desturi ya mama kunyonyesha miaka miwili ao mitatu bila kulala na mume. Waliona inachelewesha mimba nyingine. Kwa hiyo muda ule ambao koko alikuwa amemwekea mama ili mwili wake urudi, ulianza kufupishwa. Na katika kambi ya mgodi, mbali na kijiji, koko mwenyewe hakuwepo.

Haki isemwe: maternite hizo ziliokoa watu. Kamba ya kitovu ilikatwa kwa chombo safi. Mtoto aliyekwama angeweza kutolewa kwa upasuaji. Mwaka 1930 uliundwa mfuko wa FOREAMI, ulioanza kazi ya afya vijijini katika Kongo ya Chini, na mwaka 1947 ukaja mfuko mwingine, wa ustawi wa wenyeji, uliojenga hospitali na maternite katika sehemu za mashambani. Hata leo kuna maternite zinazofanya kazi ndani ya kuta za miaka hiyo. Lakini mpango wote ulisimama juu ya mtoto. Kadi ilikuwa ya mtoto, mzani ulikuwa wa mtoto, na mama alikuwa yule anayembeba mtoto hadi kwenye mzani.

Baada ya uhuru: kazi yabaki mikononi mwa wauguzi

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Wabeljiji walikuwa wamefundisha wauguzi wengi na wasaidizi wa waganga, lakini madaktari Wakongo waliomaliza chuo kikuu karibu hawakuwepo. Waganga wengi wa kigeni walipoondoka, wauguzi na wazalishaji ndio waliobaki na funguo za hospitali. Baadhi ya wasaidizi wa waganga walipelekwa Ufaransa, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, OMS, wakamalizie masomo ya udaktari. Mtu akiuliza kwa nini katika vijiji vyetu muuguzi anaitwa munganga, jibu mojawapo liko hapo: kwa miaka mingi hapakuwa na mwingine.

Mwaka 1971, Kasongo, katika Maniema, ulianza mradi uliopata sifa mbali. Vituo vidogo vya afya, vinavyoongozwa na wauguzi, viliwekwa karibu na watu, na hospitali ikabaki kwa wagonjwa wanaozidi uwezo wa kituo. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba huduma ya msingi ya afya inapaswa kumfikia kila mtu. Katika miaka ya 1980 nchi yetu, wakati huo Zaire, iligawanywa katika zone za afya 306. Leo ni 519. Utaratibu tunaoujua sasa, yaani kituo cha afya na muuguzi wake mkuu, wajumbe wa afya wa mtaa tunaowaita reko, na hospitali kuu ya zone, ulitoka katika kazi ya miaka hiyo.

Katika vituo hivyo mama alijifunza vifupisho vitatu. CPN ni ya mama mwenye mimba. CPS ni ya mtoto mdogo: kupima uzito, chanjo, chakula. CPON ni ya mama na mtoto baada ya kuzaa. Ukienda siku ya CPS utakuta foleni ndefu. Siku ya CPON mara nyingi viti viko wazi, na wako akina mama waliozaa watoto watatu bila kujua kwamba huduma hiyo ipo.

Mwaka 1985, Allan Rosenfield na Deborah Maine, wa chuo kikuu cha Columbia cha New York, waliandika katika gazeti la waganga, The Lancet, wakiuliza swali ambalo koko angelielewa mara moja. Walisema: kote duniani tuna mipango inayoitwa ya afya ya mama na mtoto, lakini ndani yake mama yuko wapi? Walionyesha kwamba karibu kila kitu katika mipango hiyo kilikuwa kwa faida ya mtoto, na akina mama waliendelea kufa kwa sababu ambazo zingeweza kuzuiwa. Miaka miwili baadaye, Februari 1987, mkutano mkubwa ulifanyika Nairobi, na hapo ulianza mwito wa uzazi salama: kupunguza nusu ya vifo vya akina mama kabla ya mwaka 2000. Lengo hilo halikufikiwa.

Katika miaka hiyo wazalishaji wa jadi walifundishwa na kupewa mifuko ya vifaa. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, mawazo yalibadilika: kila mama azae mbele ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Kwa ajili ya kuokoa maisha wakati wa kuzaa, mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzuri. Lakini katika sehemu nyingi yule mama mzee alifukuzwa mlangoni bila mtu kuuliza: nani sasa atakaa na huyu binti siku ya tatu usiku?

Wauguzi wawili walioandika kile koko alichojua

Tutoke kidogo nchini, kwa sababu mawazo yanayofundishwa katika shule zetu za uuguzi yametoka mbali pia. Mwaka 1961 muuguzi Mmarekani Reva Rubin aliandika alichokiona kwa akina mama waliotoka kuzaa. Siku ya kwanza na ya pili, alisema, mama anapokea: anataka kulala, kula, na kusimulia namna alivyozaa. Akili yake haiko tayari kushika masomo mengi. Baada ya hapo anaanza kushika: anataka kufanya mwenyewe, anauliza, anaogopa kukosea. Huo ndio wakati mzuri wa kumfundisha.

Fikiria sasa maternite yetu. Mama anazaa usiku, asubuhi kitanda kinahitajika na mwingine. Wakati anafunga kikwembe chake ili aende, anaambiwa kwa haraka mambo kumi: kidonda, titi, kitovu, chanjo, uzazi wa mpango, dawa ya damu. Anaitika ndiyo, ndiyo. Akifika nyumbani amekumbuka mawili. Kosa si la mama. Amefundishwa saa ambayo alihitaji kulala.

Muuguzi wa pili, Dorothea Orem, alichapisha mwaka 1971 kitabu kilichojenga kazi ya uuguzi juu ya neno moja: kujitunza. Kila mtu anajitunza mwenyewe, alisema, na muuguzi anaingia pale uwezo wa mtu unapopungua. Kwanza anamfanyia yote, kisha anafanya pamoja naye, mwisho anamfundisha na kumtia moyo afanye peke yake. Koko hakusoma kitabu hicho, lakini ndivyo alivyofanya. Siku ya kwanza alimuogesha mzazi. Siku ya nne alimshikia beseni. Wiki ya tatu alikaa pembeni akitazama.

Vita: koko na kituo vyote vyaondoka pamoja

Daktari Denis Mukwege alipoanza kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, katika mwaka 1983, aliona akina mama wakifikishwa baada ya siku nyingi za uchungu, wengine wakiwa karibu kufa. Hilo lilimfanya aende Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha akarudi Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu. Nia ya kwanza ilikuwa akina mama wapate mahali pa kuzalia salama. Ulimwengu unaijua Panzi kwa ajili ya wanawake waliobakwa, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Lakini mzizi wake ni chumba cha kuzalia.

Miaka hiyo hiyo, baada ya mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda kuingia Goma na pande zake mwaka 1994, mashirika ya misaada yalianza kukubali jambo ambalo lilikuwa limesahauliwa: kwamba wanawake wanazaa hata wakati wa vita, na kwamba hema na chakula pekee havitoshi. Mwaka 1995 yaliunda kundi la kushughulikia afya ya uzazi wakati wa msiba, na likatengeneza orodha ya huduma za kwanza zinazopaswa kutolewa mara moja. Ndani yake mna ule mfuko mdogo wa kuzalia ambao wengi wenu mnaujua: plastiki, sabuni, uzi, wembe mpya.

Mfuko huo ni mzuri. Lakini kazi yake inaisha kitovu kikishakatwa. Siku ya pili mama anahitaji vitambaa safi, maji, mahali pa faragha pa kunawa, chakula cha kutosha, na mtu wa kuuliza. Katika hema linalolala watu wanane, hayo yote ni shida. Na vita vimefanya jambo ambalo mgodi wala hospitali havikufanya: vimemuondoa koko na kituo cha afya kwa pamoja. Binti amekimbilia upande huu, mama yake upande mwingine. Muuguzi naye amekimbia. Wapo pia wasichana ambao mimba yao ya kwanza ilitokana na kubakwa. Hao wanahitaji kusikilizwa bila kuhukumiwa, na kupimwa vizuri.

Uchunguzi mkubwa wa taifa wa mwaka 2013-2014 ulionyesha picha ya kushangaza. Katika Kongo, watoto 8 kati ya 10 walikuwa wanazaliwa katika kituo cha afya ao hospitali. Hata hivyo, vifo vya akina mama vilikadiriwa kuwa 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wazima, na chini ya nusu ya akina mama walipimwa katika siku mbili za kwanza baada ya kuzaa. Akina mama wanafika mlangoni pa maternite. Wanatoka humo mapema mno, na hakuna anayewafuata, hali siku ya kwanza na wiki ya kwanza ndizo zenye hatari kubwa zaidi.

Leo: kile mama anachoweza kudai

Machi 2022, OMS ilitoa mashauri mapya juu ya siku baada ya kuzaa, na safari hii mama amewekwa katikati pamoja na mtoto. Mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24. Kisha waonwe tena angalau mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Pale inapowezekana, muuguzi ao reko amfuate nyumbani. Na muuguzi aulize pia juu ya moyo wake, sio tumbo lake tu. Septemba 2023 serikali yetu ilianzisha huko Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, unaopaswa kuenea mikoa mingine kidogo kidogo. Ulizeni katika zone yenu ya afya kama umefika na unalipia nini.

Mama uliyezaa mara ya kwanza, haya ndiyo ya kushika. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda ao titi. Badilisha kitambaa mara kwa mara. Kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani. Ukinawa, anza mbele kwenda nyuma. Usiweke majani wala dawa yoyote ndani. Kama umepasuliwa, tumbo lisikandwe wala kufungwa kwa nguvu. Kunywa maji, kula mara nyingi, meza dawa ya kuongeza damu uliyopewa. Lala mtoto anapolala. Na kumbuka kwamba mimba inaweza kurudi kabla hujaona damu ya mwezi. Ongea na muuguzi mapema.

Kimbia kituoni, usiku ao mchana, ukiona mojawapo ya haya: damu inayolowesha kitambaa kizima kwa muda mfupi ao mabonge makubwa ya damu, homa na kutetemeka, harufu mbaya, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, maana tansio inaweza kupanda hata baada ya kuzaa, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kuuma ao kushindwa kupumua, titi gumu, jekundu, lenye joto, mkojo unaovuja wenyewe. Mkojo ukivuja usingoje miezi kwa aibu: fistula ndogo ikiwahiwa mapema, mpira wa mkojo unaweza kuisaidia ipone bila upasuaji.

Na machozi. Siku za kwanza mama wengi hulia bila sababu, kisha inapita. Ikizidi wiki mbili, ao ukihisi kujidhuru ao kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa kama homa. Sio uchawi, sio ubaya wa moyo. Mwambie muuguzi siku hiyo hiyo.

Wauguzi wetu wanafanya kazi nyingi, mara nyingine bila mshahara, na hawawezi kuwa katika kila hema. Lakini yako mambo mawili yasiyohitaji fedha. La kwanza: mtoto anapoletwa kwa chanjo ya wiki ya sita, mama amekuja pia, apimwe siku hiyo hiyo, kabla hajaondoka. La pili: katika kila kambi na kila mtaa uliopokea wahamishwa wapo akina mama watu wazima waliozaa na kulea, ambao leo wamekaa tu. Muuguzi na reko wawakusanye, wawafundishe dalili za hatari, wawaonyeshe ni yapi ya zamani ya kuacha, kisha kila mmoja akabidhiwe binti mmoja ao wawili. Asiwe tena mzalishaji. Awe yule anayekaa naye, anayejua lini kumpeleka kituoni, na anayeuliza kila asubuhi, kabla ya kumshika mtoto: na wewe, mwanangu, umelalaje?